Usisogeze Kwanza

Mshona nguo alikaa kiti cha nyuma cha basi, masikio yake kazini, maana safari bila habari za watu humchosha kuliko cherehani. Mbele yake nesi aliyetoka zamu alikuwa akisoma hadithi kwenye simu, na kando yake mzee mmoja fundi viatu, ambaye nesi hakumjua kabisa, akichungulia bila haya.

"Usisogeze kwanza, binti, sijamaliza," mzee akasema.

Nesi akacheka, akaurudisha ukurasa. "Mzee wangu, macho yako yanatembea kwa mkongojo."

"Yamekaa bure mno. Tangu maktaba ya mtaani kwetu ifungwe, nasoma mabango na vikaratasi vya dawa tu."

"Humu mna vitabu mia mbili, na haviliwi na mchwa."

"Lakini haviazimiki. Kingekuwa cha karatasi, ungeshuka ukaniachia, nikakurudishia kesho."

"Kesho kweli?"

"Basi, kesho kutwa."

Nesi akatabasamu, akarudi kwenye simu. Humo hadithini, mama alikuwa ameshika barua ya mwanawe aliyedhaniwa kafa, hajaifungua.

Basi likasimama sokoni. Nesi akainuka, akamtazama mzee, ambaye midomo yake ilikuwa bado ikifuata maneno polepole. Akaketi tena, akamsogezea simu.

"Hiki si kituo chako?" mzee akauliza.

"Nitarudi kwa miguu. Soma, baba."

Mshona nguo naye alikuwa ashukie hapo. Akainama mbele kidogo, naye apate kuona.