Kipeuo Kisicho na Mwisho

Kwenye treni, mama mshonaji aliyeketi mbele yangu alimfunulia abiria wa pembeni yake, mwalimu mstaafu wa hesabu, daftari la marehemu mumewe. Kipeuo cha pili cha sita kujumlisha kipeuo cha sita kujumlisha kipeuo kingine, kila kimoja ndani ya kilichotangulia, bila mwisho. “Alivihesabu kimoja kimoja mpaka anakufa,” alisema. “Hakufika.”

Mwalimu akachomoa kalamu kwa furaha ya mtu aliyekosa darasa miaka mingi. “Jibu ni tatu, mama: sita na tatu ni tisa, na kipeuo cha tisa ni tatu tena. Kwa kuwa hakina mwisho, ukiondoa kipeuo cha kwanza na sita yake, kinachobaki ni kilekile. Hakipungui kitu.”

“Hakipungui?” Mama akafunga daftari. “Mwalimu, umewahi kufiwa wewe?”

Kalamu ilirudi mfukoni kabla treni haijasimama.