Kandambili Zangu Zilivyoingia Mashindanoni

Shikamooni wazee wangu. Wenzangu, poleni na palizi. Mchungaji amenipa dakika tano na mimi nina furaha ya saa nzima, kwa hiyo mnivumilie.

Mnanijua, muuza vitunguu wa pale malori yanaposimama. Wazazi wetu walipofariki nilikuwa kidato cha pili. Nikaacha shule, nikabaki na wadogo wawili, wa kiume na wa kike, nikaapa kwamba wao watasoma mpaka mwisho. Kiapo hicho nilikaribia kukivunja mwenyewe.

Wa kiume anacheza mpira. Siku ya mazoezi nilimsamehe palizi ya alizeti bila kuuliza, na timu ikisafiri mnajua tunavyofanya hapa Shelui: ngoma, vigelegele, gari linasindikizwa mpaka barabarani. Wa kike akajiunga na timu ya roboti shuleni. Mazoezi yake nikayaita kukwepa jembe.

Siku moja nikatafuta kandambili zangu za kuogea. Nikazikuta zimekatwa miduara minne, zimefungwa kwenye kigari chenye nyaya. "Dada, magurudumu ya plastiki yanateleza," akanieleza, kama anayeomba chumvi. Ndugu zangu, nawaambia, nilimfokea mpaka jirani akaja kuamua. Nikasema roboti basi, na akibisha, shule nayo basi. Hakulia. Alichukua jembe, na kwa wiki mbili akitoka shule ni shambani moja kwa moja.

Wa kiume ndiye aliyenibana. Tunakula, akasema, "Dada, viatu vya mpira ulininunulia. Uliniuliza vitaleta nini?"

"Mpira ni mashindano."

"Na yeye wenzake wanashindana keshokutwa Singida mjini. Dereva wa roboti yao ni yeye, na umemfungia shambani."

Siku hiyo nikaacha vitunguu. Nikampeleka mwenyewe.

Ukumbini kimya kama chumba cha mtihani. Roboti inatakiwa kubeba vifuko na kuvitia kwenye boksi kabla kengele haijalia. Yetu ikanasa kwenye kona. Mdogo wangu anabonyeza vitufe, haitoki. Nikasahau nilipo, nikapanda juu ya benchi: "Rudi nyuma! Kata kushoto! Kandambili zinashika, usiogope!"

Msimamizi akanigeukia. Nikajua natolewa nje. Akasema, "Endelea, mama. Hawa hawajawahi kupata mashabiki."

Ukumbi mzima ukaanza kushangilia. Roboti ikajinasua, kifuko cha mwisho kikaingia, kengele ikalia.

Tumekuwa wa pili, na Jumamosi wanakwenda kushindana Dodoma.

Namshukuru Mungu, mwalimu wao anayewafundisha kwa vifaa vya kuokoteza, jirani yangu, na mdogo wangu wa kiume aliyethubutu kunisema. Nilichojifunza ni hiki: mtoto anayeshindana kwa akili naye ni mchezaji. Anahitaji muda wa mazoezi, na anahitaji watu wa kumsindikiza.

Jumamosi saa kumi na mbili asubuhi wanapanda gari stendi. Njooni na ngoma ileile ya timu ya mpira. Mimi nitakuja na kandambili mpya, magurudumu ya akiba.