Borghild Tveten na Akiba ya Shule za Skogdalen

Theluji imeifunika Skogdalen na kuyeyuka mara sabini na nane tangu Marehemu Borghild Tveten alipozaliwa, tarehe 9 Machi 1941, akiwa binti wa pekee wa mseremala Nils Aamodt na mkewe Gudrun. Alibatizwa katika kanisa hili hili tulimokusanyika leo.

Alisoma katika shule ya chumba kimoja kijijini hapa, kisha akahitimu masomo ya uwekaji hesabu mjini La Crosse mwaka 1961. Tarehe 16 Juni 1962 alifunga ndoa na Bwana Orlin Tveten, mfugaji wa ng'ombe wa maziwa, wakajaliwa mabinti wawili, Karna na Margit.

Mwaka 1972 aliteuliwa kuwa mweka hazina wa wilaya ya shule, kazi aliyoitumikia kwa miaka thelathini na minne. Mishahara ya walimu huanza Septemba, ilhali kodi ya mashamba huingia Januari. Wilaya isiyo na akiba hulazimika kukopa benki ili kuvuka miezi hiyo. Marehemu aliweka nadhiri kwamba Skogdalen isikope.

Agosti 1984, bei ya maziwa ilipoanguka, wananchi walikutana katika ukumbi wa michezo wa shule, kama ilivyo desturi ya kila mwaka, kuipigia kura kodi. Aliyesimama kutaka akiba itumiwe ili kodi ipunguzwe alikuwa mumewe mwenyewe.

“Mama Karna, hizo hela umezilalia kama kuku anayeatamia. Vifaranga tutaviona lini?”

Ukumbi ukaangua kicheko.

“Ukimwinua kuku leo, Baba Karna, Septemba utawalipa walimu kwa maziwa?”

“Angalau maziwa ninayo!”

Wakacheka tena, wakanyoosha mikono: mia moja na kumi na wawili walitaka akiba itumiwe, arobaini na saba wakakataa. Vuli ile wilaya ilikopa, na vuli iliyofuata ikakopa tena. Ili kufidia riba, bodi ilimwachisha kazi mwalimu wa muziki, na Margit, aliyekuwa na miaka kumi na mitatu, akatakiwa kurudisha fidla ya shule. Marehemu hakumlaumu mumewe kwa neno hata moja; alimwomba tu ampeleke binti yao siku ya kuirudisha.

Katika mkutano wa 1986 Bwana Orlin alisimama tena, kofia mkononi. “Nilikosea,” alisema. “Turudishe kidogo kidogo.” Kwa subira ya miaka kumi na minane Marehemu aliijaza akiba ile upya, na vuli ya 2004 walimu walilipwa bila mkopo. Nafasi ya mwalimu wa muziki haijajazwa hadi leo.

Tangu mwaka 2016 Marehemu aliugua maradhi ya kusahau. Majina ya wajukuu yalimtoka, lakini kila alasiri, kahawa ikimiminwa, alimuuliza mumewe:

“Walimu wamelipwa?”

“Wamelipwa, Mama Karna. Hatukukopa.”

Ndipo aliponyanyua kikombe.

Tarehe 20 Novemba 2019 hakuuliza. Bwana Orlin alingoja mpaka kahawa ikapoa, kisha akamjibu vilevile. Alfajiri iliyofuata Marehemu aliitika wito wa Mola wake.

Ameacha mume, mabinti wawili, wajukuu watano, na kaka yake, Mchungaji Halvor Aamodt.

Ee Mungu, uliyemjua kabla hajajijua na ukamkumbuka alipojisahau, umpumzishe kwa amani Borghild mja wako. Umfariji Orlin katika kila alasiri iliyombakia, na uwahifadhi wanawe na wajukuu wake kiganjani mwako. Amina.