Mama Haloo wa Hasira za Karibu na Sala za Asubuhi

Baada ya miaka thelathini na mmoja ya kupokea simu za hospitali yetu, opereta wetu, ambaye sote tunamwita Mama Haloo, anastaafu rasmi tarehe thelathini ya mwezi huu. Wagonjwa wengi hawajawahi kumwona uso, ila sauti yake wanaijua. Sisi wa masjala, tuliotenganishwa naye kwa ukuta wa mbao, tunaijua kupita kiasi.

Alianza kazi akiwa binti, kwenye mitambo ya kuchomeka nyaya. Akahamia ya vitufe, na amemalizia na hii ya kompyuta ambayo hajaisifia hata siku moja. Hakuna daktari aliyefanikiwa kumkwepa. Daktari wetu mmoja wa upasuaji aliwahi kuchomoka kwenda kunyoa nywele bila kuaga. Kabla hajanyolewa upande wa pili, simu ya kinyozi ikalia.

Ni yeye aliyeanzisha sala ya asubuhi katika kile kichumba cha simu. Tulianza watatu: yeye, mama mfagizi wa korido, na mimi. Aliomba kwa maneno machache, akimkabidhi Mungu kila atakayepiga simu siku hiyo. Shida ni kwamba ikifika saa nne, walewale aliowakabidhi alikuwa akiwafokea. Ana hasira za karibu, na wala hafichi. Mumewe, seremala mpole, alikuwa akitania kwamba mke wake huokoka kila asubuhi.

Kuna siku mambo yalizidi. Baba mmoja alipiga simu kutoka mbali kumuulizia bintiye aliyelazwa kwa homa ya uti wa mgongo. Wodi haikupokea, naye akapiga tena, na tena. Mama Haloo akamwambia, "Na wewe umezidi sasa," akamkatia. Jioni yule baba alifika juu ya lori la saruji, vumbi hadi kwenye nyusi, akiamini amekatiwa simu kwa sababu mtoto amekufa na hakuna anayetaka kumwambia. Alimkuta mtoto yu hai. Mama Haloo alipopata habari alipanda wodini kuomba msamaha. Yule baba alimtazama, kisha akageukia ukuta.

Kesho yake Mama Haloo hakuja kwenye sala. Keshokutwa yake vilevile. Alimwambia mfagizi kwamba mdomo uliomtenda mtu namna ile hauna haki ya kusimama mbele ya wenzake na kulitaja jina la Bwana.

Mfagizi akaegemea fagio lake. "Kwani nani kasema lazima usimame mbele? Njoo ukae nyuma, kama sisi wengine."

Akaja, akakaa nyuma. Kwa miezi kadhaa aliyeongoza ni mfagizi, kwa sala ndefu kwelikweli, nasi tukavumilia.

Binti alipopona, baba yake alipita kwenye kichumba cha simu. Hakusema kwamba amesamehe. Aliomba tu apigiwe simu nyumbani, mkewe aje kuwapokea stendi. Laini ilikuwa mbovu siku hiyo. Mama Haloo aliacha chakula cha mchana kikapoa, akajaribu na kujaribu mpaka mama wa mtoto akapatikana. Akampa baba mkonga wa simu, akatoka nje ili wazungumze kwa nafasi. Aliporudi, yule baba alikuwa ameshaondoka, na macho ya Mama Haloo yalikuwa mekundu.

Ningependa kuandika kwamba hakufoka tena. Alifoka wiki iliyofuata, akimfokea mleta mitungi ya oksijeni. Ila tangu hapo alijifunza kurudi upesi. Tulizoea kumwona akikatiza korido kabla ya chai kwenda kuomba radhi, na mtu mmoja wa maabara akadai kwamba watu humchokoza makusudi, maana radhi zake huja na karanga.

Pigo kubwa lilikuja seremala alipougua na kufariki. Mama Haloo alirudi kazini, akawa anakaa kwenye sala bila kufungua mdomo. Baadaye sana alinieleza, "Sikuwa nasali, nilikuwa namgombeza Mungu. Ila kumnunia, sikumnunia." Asubuhi moja alianza tena kuomba kwa sauti, tukajua yuko njiani anarudi.

Leo kichumba hakitutoshi. Wauguzi wanasimama mlangoni, madereva dirishani. Wengi tulivutwa na jambo moja: tulimwona mtu anaanguka mbele ya macho yetu, anajifuta vumbi, anaendelea kumfuata Kristo, basi nasi tukathubutu.

Mama, ahsante kwa utumishi wako, na zaidi kwa kutuonyesha hata siku zako mbaya. Bwana aliyekushika mkono hadi hapa asikuachie huko uendako. Uzee wako uwe mwepesi, usingizi uwe mtamu, na wajukuu wakusikilize japo mara moja kwa siku.