Vitambaa vya Mzee wa Boila

Wasikilizaji wapendwa, sogeeni karibu na redio. Leo tunamkumbuka mtu aliyekata mashuka ya mkewe ili kuokoa eneo zima la viwanda. Walimwita Mzee Vitambaa. Kazi yake ilikuwa kulisha boila, lile tangi la kuchemshia mvuke, katika kiwanda cha nguo. Miaka thelathini na mmoja, boila ile ile.

Enzi hizo moshi ulikuwa mzito. Viwanda vitatu jirani vilikuwa vimefungwa. Wawekezaji walikuja, wakakohoa, wakaondoka. Mzee akaona moshi ukiendelea hivyo, na kiwanda chao kitafungwa. Basi kila Jumatatu akawa anatundika kitambaa cheupe uani. Jumamosi anakianua, anaandika tarehe, anakitia sandukuni. Kila Jumatatu, wasikilizaji, bila kukosa.

"Nikitandika kitanda, shuka halifiki miguuni!" ametusimulia mjane wake, akicheka huku akifuta machozi. "Nikamwambia, baba watoto, mwishowe utatulaza kwenye mkeka mtupu."

Mzee akalibeba sanduku hadi kwa meneja. Vitambaa vilikuwa vyeusi tii. Meneja akaona haya. Bomba la moshi likawekewa vichujio. Boila ikaacha mafuta mazito, ikaanza kula maranda ya kiwanda cha mbao. Mwaka hadi mwaka, vitambaa vikazidi kutakata.

Ndipo, Ijumaa moja, wakaja wawekezaji wengine. Asubuhi hiyo meneja alikuja mbio na kitambaa kipya cha dukani.

"Tundika hiki, mzee. Chako kina ukijivu."

"Bosi, hicho hakijafanya kazi hata siku moja. Changu kipo hapa tangu Jumatatu."

Hakukishusha. Mgeni mmoja, mama mwenye miwani, akakishika.

"Na huu ukijivu?"

"Ni sisi, mama. Bado hatujamaliza."

Akamfungulia sanduku. Yule mama akavipitia vyote, kimoja kimoja, kuanzia kile cheusi cha kwanza. Kisha akasema, "Ripoti zinazong'aa nimeletewa kila mahali. Hapa nimeonyeshwa kazi. Tunawekeza hapa."

Leo viwanda vile vitatu vilivyofungwa vimefunguliwa tena. Vyote vitatu.

Mzee Vitambaa alizikwa Jumapili. Jumatatu, kabla ya king'ora cha kazi, mjane wake aliingia uani na shuka na mkasi. Akakata mwenyewe. Akatundika mwenyewe.

Mama, watoto, na wenzake wa zamu, poleni sana. Msiba huu ni wetu sote. Nawe unayetusikiliza, jiulize: hapo unapofanya kazi, ungethubutu kutundika shuka lako jeupe, kisha ukamwita mgeni alitazame?