Placidius Rweyemamu, Aliyejua Wakati wa Kuosha Chujio

Shikamooni wazee wetu, na poleni nyote kwa msiba. Mimi ni Restuta, dada mkubwa wa marehemu. Padre ameniomba nisome kwa upole. Nitajaribu.

Placidius alizaliwa tarehe 14 Machi 1971 hapahapa Kibingo, kitinda mimba wa marehemu mzee Rweyemamu na mama yetu Anonciata. Shule ya msingi alisoma kuanzia 1980 hadi 1986, dawati moja na Lameck, mtoto wa jirani. Mama akimkosa mmoja, alikwenda kumwulizia kwa mwenzake.

Tarehe 21 Oktoba 1995 alifunga ndoa na Vero wa Kaisho. Msimamizi wake alikuwa Lameck huyohuyo.

Mwaka 2009 aliajiriwa kutunza bwawa la kuogelea la hoteli moja kule Kayanga. Yeye mwenyewe hakuwahi kuingia zaidi ya vifundo vya miguu. Tukimtania, alijibu, “Mimi maji nayajua kwa kuyaangalia.” Na kweli aliyajua. Chujio la bwawa lile ni la mchanga, na huoshwa kwa kugeuza mkondo wa maji ili uchafu utoke mferejini. Marehemu hakuliosha kwa mazoea. Alitazama kipimo cha presha, akasubiri mshale upande vya kutosha. Alimweleza Vero kwamba ni kama nyasi za kuchujia juisi ya ndizi: ukizibadilisha kila mara, juisi haitakati. Vero alicheka, lakini alielewa.

Kazi ilipoongezeka alimwombea Lameck nafasi, akamfundisha yote hayo. Sasa, mfereji ule unateremka hadi kwenye shamba la migomba alilolima Lameck chini ya hoteli. Kiangazi cha 2023 kilipokuwa kikali, Lameck aliliosha chujio kila siku marehemu alipokwenda kula, mshale ukiwa haujasogea, ili migomba yake inywe. Mchanga ukawa hauzuii tena uchafu mdogo. Bwawa likawa jeupe kama maziwa, wageni wakalalamika. Bosi akamfukuza marehemu mbele ya wafanyakazi wote, akimwita mzembe asiyejua kazi. Lameck alikuwa amesimama hapo, wavu wa kuokotea majani mkononi.

Jioni Lameck alikuja nyumbani kwa marehemu. “Kaka, ni mimi. Migomba ilikuwa inakauka. Kesho nitamwambia bosi.”

Marehemu alimjibu, “Sitakusemea. Nenda ukaseme kwa mdomo wako.”

Kesho hiyo hatujaiona. Tulichoona ni Lameck kupewa kazi ya mdogo wangu. Hoteli nyingine zote alizoomba marehemu zilimkataa, kwa kuwa sifa ya uzembe ilishamtangulia. Iliniuma na bado inaniuma. Adui angemfanyia hivyo nisingeshangaa, lakini huyu alikula kwetu tangu utotoni!

Januari 2024 marehemu alianza kuugua ini. Alilazwa mara kwa mara, na kila mlango wa wodi ulipofunguliwa aliinua kichwa. “Lameck ameshamwambia bosi?” Vero alimjibu, “Bado, baba Ainebyona.” Alifariki asubuhi ya tarehe 2 Septemba 2024, na jibu likiwa lilelile.

Ameacha mama, mjane Vero, watoto watatu, Ainebyona, Laurensia na Placida, pamoja nami dada yake.

Lameck ameomba jina lake liandikwe hapa kama ndugu wa marehemu. Tumekataa. Lakini tumemwalika bosi wa hoteli, naye amekuja kama alivyoahidi. Kwa hiyo nikimaliza kusoma nitakaa, na wabebaji watasubiri. Lameck, simama useme. Mama yetu ameagiza jeneza lisishuke kabla hujasema, nasi tutamtii mama.

Ukishasema, mdogo wangu atapumzika.