Kijito cha Cheptarit

Kaeni karibu, wanangu, na wewe Mogaka weka hiyo simu. Leo nasema kwa Kiswahili kwa sababu wakili huyu anayeandika hajui Kigusii, nami sitaki mkalimani katikati yetu. Sababu mtaisikia.

Shamba la majani chai ni la Mogaka, la migomba ni la Joyline, na asinung'unike mtu kwamba ameolewa. Ng'ombe mtaelewana. Hayo ni mepesi.

Sasa mto. Unashuka mlimani ukipokea vijito viwili, Kaptich na hiki kinachopita chini ya majani chai yetu. Majina hayo hatukuyatunga sisi, waliyaacha Wakipsigis waliokaa hapa kabla ya babu zetu. Kaptich ndiko walikolisha ng'ombe, na hiki chetu kilikuwa Cheptarit, kijito cha ndege. Nyinyi mnakiita Ogari, jina la baba yangu, kwa kuwa ramani inasema hivyo. Ramani niliidanganya mimi.

Wapimaji walipokuja kugawa ardhi nilikuwa na miaka kumi na tisa, na kijiji kizima hakuna aliyekijua Kiswahili kunishinda, basi nikafanywa mkalimani. Mzee Ombui, jirani yetu, akasimama akasema kwa Kigusii kwamba kijito ni Cheptarit, kilikuwa na jina kabla yetu, na chemchemi yake ni ya familia zote mbili. Nikamgeukia mpimaji nikamwambia, "Mzee anasema kijito ni cha Ogari tangu zamani." Ombui akaitikia kwa kichwa, maskini, akidhani nimesema yake. Baba alielewa, akanyamaza. Wiki iliyofuata tukazungusha seng'enge.

Mokeira, mke wa mwanawe Ombui, ndiye huyo mlangoni, nilimwita mwenyewe. Miaka yote hii ameteremka hadi Kaptich na mtungi wake, akipita kando ya seng'enge yangu na kuniamkia vizuri, na salamu hiyo imeniuma kuliko matusi. Mokeira, nilikudhulumu. Sina la kujitetea.

Mogaka, usinikatize, najua shamba ni lako. Ng'oa hiyo seng'enge. Chemchemi iandikwe ya familia zote mbili, na kijito kirudishiwe jina lake. Msiseme mnamvunjia babu yenu heshima. Jina la Ogari mpeni mtoto, huko ndiko majina ya wazee wetu yanakokaa.

Joyline, niinue kidogo... asante. Siku ya kunizika, msishushe jeneza kabla Mokeira hajachota ndoo ya kwanza. Hata mchungaji akiwaharakisha. Mungu awalinde, awape watoto... awape na kuambiana ukweli.

Pumzi inaniishia. Wakili, umeandika? Nisomee hapo aliposema Ombui. Si maneno yangu... yake. Soma polepole, Mokeira asikie.